Mswaki Mkavu

Mtaa mzima ulimwita Dobi, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi nguo za watu. Mumewe aliitwa Fundi. Alitengeneza makochi katika karakana ndogo ng'ambo ya barabara. Watoto wao walikuwa wakubwa na kila mmoja alikuwa na nyumba yake. Wazee hawa wawili walibaki peke yao katika vyumba viwili.

Anayefua nguo za watu hujua siri za watu. Dobi alijua nani anavuta sigara kwa kificho. Alijua nani amelala nje na nani amelia jana. Kola zilimwambia, na mifuko ilimwambia. Basi shati la mumewe lilipoanza kusema, Dobi alilisikiliza vizuri sana.

Kwanza lilikuwa doa. Doa jeupe, kavu, hapo kifuani. Dobi alilikwaruza kwa ukucha, akalinusa. Uji. Nyumbani kwake uji haujapikwa tangu mtoto wa mwisho alipoota meno.

Pili, Fundi aliacha kula.

"Nyama hiyo mbona umeiacha?" Dobi aliuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini? Hujagusa hata mkate."

"Nilikula kazini."

"Kazini nani anakupikia?"

"Mama watoto, niache nipumzike."

Alisema hivyo bila kufungua mdomo vizuri, kama mtoto aliyeficha peremende shavuni. Siku hizi hakucheka. Dobi akimsogelea, yeye aligeuza uso. Akiongea, aliziba mdomo kwa mkono.

Dobi alijua kwamba mumewe ni mgonjwa. Fundi alikuwa na baridi yabisi, ule ugonjwa wa viungo. Vidole vyake vilivimba, na kila asubuhi vilikakamaa. Hospitali walimpa vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki. Lakini huo ni ugonjwa wa vidole, Dobi alijiambia. Vidole havimzuii mtu kula kwa mkewe.

Kisha likaja jambo la mswaki.

Bafuni kulikuwa na kikombe kimoja chenye miswaki miwili. Mwekundu ulikuwa wa Dobi, wa buluu ulikuwa wa Fundi. Asubuhi moja Fundi aliingia bafuni. Maji yakasikika yakimwagika. Akatoka akijipangusa mdomo, akaenda zake kazini. Dobi akaingia kusafisha kikombe. Mkono wake ukagusa mswaki wa buluu.

Ulikuwa mkavu.

Kesho yake aliugusa tena. Mkavu. Akauangalia kwa karibu. Nywele zake zilikuwa zimesimama wima, kama siku ulipotoka dukani.

Dobi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafikiri. Mtu mzima haachi kupiga mswaki. Kama hapigii hapa, basi anapigia mahali pengine. Na mahali palipo na uji na mswaki si pengine, ni nyumbani kwa mtu.

"Dalili ya mvua ni mawingu," aliiambia pasi yake. "Huyu ana nyumba nyingine."

Wivu ulimuuma Dobi kweli kweli. Aliisahau pasi juu ya nguo, akaunguza mkono wa blauzi ya mteja. Akazikusanya nguo zake, akazifunga ndani ya kitenge. Aliamua hivi: ataiona hiyo nyumba kwa macho yake, halafu ataondoka, na hatarudi.

Mchana alikunja shati safi, akavuka barabara. Akiulizwa, atasema ameleta shati. Karakana ilikuwa wazi, lakini Fundi hakuwepo. Kochi lilikuwa nusu uchi, sponji nje. Nyundo ilikuwa chini. Kando ya karakana palikuwa na kibanda cha uji chenye pazia. Mwenye kibanda alikuwa mwanamke mzuri, mnene, mwenye kicheko. Ndiye huyu, Dobi alijiambia.

"Karibu dada, uji wa moto!" alisema Mama Uji.

"Sikuja kunywa uji. Nimekuja kumtafuta anayeunywa."

Dobi akavuta pazia.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda. Mkono mmoja ulishika kikombe kikubwa cha uji. Alikuwa akiunyonya kwa mrija. Mkono wa pili ulibana kitambaa shavuni. Macho yalikuwa yamejaa machozi.

"Kumbe!" alisema Dobi.

Fundi alisimama. Mrija ulibaki mdomoni.

"Dada, mimi nauza uji, basi," alisema Mama Uji. "Mumeo hawezi kutafuna. Anakuja asubuhi, mchana na jioni. Namtilia sukari nyingi apate nguvu."

"Umejuaje kwamba hawezi kutafuna? Wewe ndiye unayemtafunia?"

Wateja waliangua kicheko. Fundi alitoa mrija mdomoni. Alilipa uji wake, akamfuata mkewe nyumbani kichwa chini.

Walipofika, Dobi alionyesha lile furushi la nguo mlangoni.

"Unaliona? Nataka jibu moja tu. Ukinidanganya, naondoka nalo. Mswaki wako mwingine uko wapi?"

Fundi alishangaa. "Mswaki mwingine gani?"

"Wa huko kwako. Huu wa hapa ni mkavu. Nimeugusa jana, nimeugusa leo. Unapigia mswaki wapi?"

Fundi alitazama vidole vyake. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Sipigi."

"Hupigi nini?"

"Mswaki. Sipigi kabisa. Namwaga maji tu ili usikie."

Dobi alikodoa macho. "Hupigi mswaki? Mtu mzima? Heri hata ungekuwa na mwanamke!"

Upande wa pili wa ukuta mtu alicheka, kisha akajizuia. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba. Punde si punde mlango ukagongwa.

"Hodi, majirani."

Alikuwa mpangaji wa chumba kilichopakana na chao, mama wa makamo aliyekuwa muuguzi katika kliniki ya meno. Wote walimwita Jirani.

"Nani amekuita?" Dobi aliuliza.

"Ukuta," alisema Jirani. "Nisamehe kwa kucheka, dada. Lakini nilichosikia si cha kuchekesha. Shemeji, una baridi yabisi, sivyo? Tangu lini taya linakuuma?"

Fundi alimtazama kwa mashaka. Dobi naye alimtazama kwa mashaka. Huyu anajuaje habari za taya la mume wa mtu?

"Nani amesema taya?" Fundi aliuliza.

"Unaongea meno yamebana. Asubuhi mdomo unakataa kufunguka, halafu unalegea kidogo kidogo mchana?"

"Ndiyo," alisema Fundi polepole.

"Sasa fungua mdomo, mpaka mwisho."

Fundi alijaribu. Uso ukakunjamana. Mdomo ulifunguka kidogo, kiasi cha kupitisha kidole kimoja.

"Dada, jaribu na wewe. Panga vidole vyako vitatu, kimoja juu ya kingine, uviingize kati ya meno ya mbele."

Dobi alijaribu. Vidole vitatu viliingia bila shida. Akavitoa, akavipangusa kwenye gauni. Hakupenda alichokiona kwa mumewe.

Jirani alinyoosha mkono kuelekea uso wa Fundi.

"Usimguse," alisema Dobi.

"Sawa. Basi mguse wewe. Weka vidole mbele ya masikio yake, hapo hapo. Usibonyeze kwa nguvu. Shemeji, fungua na ufunge taratibu."

Dobi aliweka vidole. Mikono yake ilizoea joto la pasi na maji ya sabuni, lakini haikuwahi kushika mahali hapo. Fundi alifungua mdomo. Chini ya ngozi kitu kilikwaruza, kama mchanga ndani ya bawaba. Fundi akaguna kwa uchungu.

Dobi aliondoa mikono upesi. Hasira yake ilipungua, akamwonea mumewe huruma.

"Ni nini hicho?" aliuliza.

"Hicho ni kiungo," alisema Jirani. "Taya nalo lina viungo, kimoja kila upande. Baridi yabisi haichagui vidole tu. Kinga ya mwili inayotakiwa kupigana na magonjwa inakosea. Inavishambulia viungo vya mwili wenyewe. Vidole, magoti, na hata taya."

"Nilidhani ni baridi ya usiku," alisema Fundi. "Nilikuwa nafunga kichwa kwa shuka."

"Si baridi, ijapokuwa jina lake ni hilo. Na kazini? Misumari yako midogo unaiweka wapi?"

Dobi alimjibia mumewe.

"Mdomoni! Tangu nimjue. Misumari yote anaibana kwa meno, anaitema mmoja mmoja."

"Mafundi wote wa makochi hufanya hivyo," Fundi alijitetea. "Na sasa vidole havishiki. Nyuzi nazikata kwa meno. Kitambaa nakivuta kwa meno."

"Basi taya lako halipumziki," alisema Jirani. "Linaumwa, na wewe unalibebesha kazi ya mikono. Acha kuanzia leo. Siku moja utameza msumari, na huo hauna dawa ya kunywa."

Dobi bado hakuwa ameridhika. Alikunja mikono.

"Haya, taya nimesikia. Na mswaki? Taya ndilo lililomkataza mswaki?"

Fundi alieleza mwenyewe, akiangalia sakafu. Mpini wa mswaki ni mwembamba. Asubuhi vidole havikunji. Mswaki ulimponyoka, ukaanguka chini, mara nyingi. Alipoweza kuushika, mdomo ulikataa kufunguka. Alipolazimisha, fizi zilitoka damu. Akaogopa damu. Akaogopa pia kumwomba mkewe msaada.

"Ningekwambiaje? 'Mama watoto, njoo unipige mswaki'? Mimi?"

"Ndiyo, wewe!" alisema Dobi. "Nimefua soksi zako miaka yote hii. Meno yana nini?"

"Damu ya fizi haikuambii uache mswaki," alisema Jirani. "Inakuambia fizi zina ugonjwa. Uchafu umeganda kwenye meno, na fizi zimevimba. Na wenye baridi yabisi hupata ugonjwa wa fizi zaidi kuliko watu wengine. Uvimbe wa fizi unaweza kuuchochea ugonjwa wa viungo, na ugonjwa wa viungo unaweza kuzidisha wa fizi. Ukiacha, meno yatalegea yang'oke. Na ule uji wa sukari mara tatu kwa siku unayaozesha. Mdomo wako unakauka?"

"Kama kitambaa. Mate yamepungua."

"Hilo nalo huwapata watu wa ugonjwa huu. Mate hulinda meno. Yakipungua, sukari inafanya itakavyo. Kunywa maji kidogo kidogo. Uji si mbaya, sukari ndiyo mbaya." Kisha Jirani akauliza: "Shemeji, na vidonge vyako vya kila wiki? Unavimeza?"

Fundi alikohoa.

"Anavimeza," alisema Dobi. "Pakiti zinaisha, naziona."

Lakini mara hii Dobi alikisikia kile kikohozi. Akamgeukia mumewe. "Unavimeza?"

Fundi alikwenda kwenye kochi la sebuleni. Alilitengeneza mwenyewe siku za neema. Akafungua zipu ya mto, akaingiza mkono ndani ya sponji. Akatoa vidonge, kimoja kimoja, akaviweka mezani.

Dobi alitazama mto, akatazama vidonge. Hapo ndipo alipokaa kila jioni.

"Nimekuwa nakalia dawa zako?"

"Vilinitia vidonda mdomoni," alisema Fundi. "Ulimi uliwaka moto. Nikasema, hawa wananipa sumu. Nikaacha. Sikutaka uniulize."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," alisema Jirani. Sasa hakuwa na kicheko. "Huenda vidonda vilitokana na dawa kweli, hukukosea kushuku. Ulikosea kunyamaza. Dawa hiyo inaweza kuleta vidonda mdomoni, na daktari ana njia ya kusaidia. Anaweza kubadili kipimo, au kukuongezea vitamini. Lakini ukiacha kimya kimya, ugonjwa unapata nafasi. Ndiyo maana taya limefunga. Wala usianze tena leo kwa akili yako. Kesho nendeni mkamwambie daktari wa viungo ukweli wote. Halafu njoo kliniki kwetu."

"Kwenu wataning'oa meno yote," alisema Fundi.

"Hapo ndipo umefika? Hata hawajayaona, umeshayazika."

Jirani aliomba maji ya moto na kitambaa laini, akasema taya likikandwa na joto kiasi hulegea. Dobi alitafuta taulo. Taulo laini lilikuwa ndani ya furushi mlangoni. Alisimama mbele ya furushi kwa muda. Kisha akalifungua, akatoa taulo. Hakulifunga tena.

Kesho yake walikwenda wote wawili. Dobi alitaka kusikia kwa masikio yake. Daktari wa viungo alisikiliza, akapima damu, akaangalia vidonda vya zamani. Alimrudishia Fundi dawa kwa kipimo kingine, na akampa vitamini ya kumeza pamoja nayo.

"Ukipata kidonda mdomoni, homa au shida ya kupumua, njoo mara moja," alisema. "Usiamue peke yako."

Katika kliniki ya meno Fundi alishika mikono ya kiti kwa nguvu. Dobi alisimama karibu, akimtazama daktari kila kidole kilipoingia mdomoni.

"Hicho chuma cha nini?" aliuliza.

"Cha kuondoa ukoga uliogandamana, mama."

"Na hicho?"

"Ni kioo, mama."

Daktari aliuliza Fundi anatumia dawa gani zote. Fundi akazitaja bila kuficha hata moja. Daktari akasema ni vizuri, maana kabla ya kung'oa jino ni lazima ajue. Alisafisha kidogo, akampumzisha Fundi mdomo, akasafisha tena. Sehemu nyingine aliiacha kwa siku nyingine ili taya lisichoke. Jino moja tu lilikuwa limeharibika kiasi cha kuzibwa. Hakung'oa hata moja. Fundi alitoka akiyagusa meno yake kwa ulimi, kama mtu anayehesabu kuku baada ya mwizi kupita.

Lilibaki tatizo la mpini mwembamba. "Uufanye mnene," Jirani alikuwa amesema, "ili mkono usihitaji kukaza."

Fundi alifurahi sana kusikia hivyo. Hiyo ilikuwa kazi yake. Alichukua mswaki wa buluu hadi karakana. Aliuvika sponji, juu ya sponji akauvika mahameli nyekundu, akashona kwa ustadi, akaweka na kifungo. Jioni akauonyesha.

Jirani alicheka mpaka akaegemea mlango. "Shemeji, huu ni mswaki au kochi? Sponji itanyonya maji, itaoza. Tafuta kitu kinachooshwa na kukauka."

Dobi ndiye aliyekipata. Kilikuwa mpira wa usukani wa baiskeli mbovu iliyotupwa nyuma ya nyumba. Aliuchemsha, akausugua, akauvisha kwenye mswaki mpya wenye nywele laini. Mkono wa Fundi ulioumwa uliushika bila kuponyoka. Alijifunza kukaa kwenye ndoo bafuni, kiwiko juu ya goti, akapiga mswaki taratibu, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floridi. Vidole vikigoma kabisa, Dobi alimsaidia. Hakuna aliyekufa kwa aibu.

Karakana nayo ilibadilika. Fundi alitoa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akaifunga kifuani. Misumari ilikaa hapo badala ya mdomoni. Nyuzi alizikata kwa mkasi wenye mpini mpana. Chakula alikikata vipande vidogo. Maharage yaliyoiva sana aliyapenda, mahindi ya kuchoma aliyaacha. Taya likikaza, alilikanda kwa taulo la joto. Mama Uji aliendelea kumuuzia uji, ila bila sukari, na Dobi alipita siku moja moja kuuonja. Alisema anaangalia sukari tu.

Ugonjwa haukuisha. Baridi yabisi haiponi kama mafua. Kulikuwa na asubuhi nzuri na asubuhi mbaya. Lakini fizi ziliacha kutoka damu, na baada ya muda vidole viwili vya Dobi viliweza kupita kati ya meno ya mumewe. Naye Dobi hakuacha tabia yake. Kila siku aliingia bafuni na kuugusa mswaki wa Fundi. Ukiwa umelowa, hakusema kitu. Imani ni nzuri, alisema, lakini kugusa ni kuzuri zaidi.

Asubuhi moja Dobi alikuwa na nguo nyingi za wateja. Aliamka na moja kwa moja akashika pasi. Fundi alikuwa bafuni. Alichelewa kutoka. Alipotoka, alikuwa ameshika mswaki mwekundu.

"Mama watoto."

"Nini? Nina kazi."

"Mswaki wako ni mkavu."

Dobi alisimama na pasi hewani.

"Jana usiku pia uliupita," alisema Fundi. Alikunja uso, akaweka mkono kiunoni kama mkewe alivyofanya siku ile. "Nataka jibu moja tu. Unapigia mswaki wapi?"

Dobi alijaribu kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka akaiweka pasi chini. Upande wa pili wa ukuta Jirani alicheka pia. Fundi naye akacheka, bila mkono usoni, mdomo ukiwa wazi kadiri taya lilivyokubali. Dobi aliyaona meno yake, ya mbele na ya nyuma. Hakuwa ameyaona kwa muda mrefu.

"Lete hapa," alisema, akauchukua mswaki, akaenda bafuni.